Kundi la Pili

Mwanamke mwenye akili zake hampendi mwanamume anayepapasa milango. Raya alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na akapenda hivyo hivyo. Sasa alikuwa amesimama juu ya ngazi za nyumba ya baba yake, ndani ya gauni la zambarau alilolishonesha kwa ajili ya Jumamosi hiyo moja tu, akimtazama Nkwabi akiwavulisha viatu watu wazima.

"Viatu tunaviacha hapa, waheshimiwa. Mbao hizi zina umri mkubwa kuliko sisi sote. Mama Precious, na wewe pia."

"Mwanangu, miguu yangu imevimba na ndege hii ya asubuhi..."

"Hata iliyovimba, mama. Mbao hazichagui mguu."

Wakacheka. Mama Precious, mwanamke mnene wa Dar mwenye kofia pana kama sinia, akavua viatu na kusema ahsante. Nkwabi alikuwa na kipaji hicho: anakunyima kitu, na wewe unamshukuru. Alikuwa katibu wa Chama cha Nyumba za Kale, msanifu majengo kwa kazi, Msukuma wa Mkolani kwa kuzaliwa, na mchumba wa Raya kwa siri ambayo wilaya nzima ya Nyamagana ilikuwa inaijua.

Kila mwaka chama hicho kiliwakusanya wanachama wake wikiendi moja katika mji mmoja, kikawatembeza kwenye majengo ya zamani. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Mwanza. Walitoka Dar, Tanga, Bukoba, vitambulisho vikining'inia shingoni, na tangu asubuhi walikuwa wakizunguka mjini wakigonga kuta za watu kwa vidole kama wanunuzi wa matikiti maji. Lakini nyumba waliyoifuata hasa ni hii ya Mzee Lukman, baba yake Raya. Ghorofa moja, roshani ya mbao, na jiko la uani lililojengwa kwa kuegemea jabali kubwa, hata ukuta mmoja wa jiko ukawa ni jabali lenyewe. Haikuwahi kufunguliwa kwa wageni. Kwa kuwa sakafu ya juu isingewabeba wote kwa pamoja, Nkwabi aliwagawa makundi matatu.

Kwa wageni hiyo ilikuwa siku ya nyumba. Kwa Raya ilikuwa siku ya jibu. Baba yake alikuwa ameahidi kwamba Jumamosi hiyo atasema kama anampa Nkwabi mke au hampi.

Miaka mitatu Mzee Lukman alikuwa amelizungusha jambo hilo. Kwanza ilikuwa dini. Nkwabi akaenda mwenyewe kwa sheikh kuanza masomo, mama yake kule Mkolani akalia wiki nzima kama aliyefiwa. Dini ikaisha, kikabaki kile ambacho mzee hakukisema mbele za watu. Katika nyumba ile posa hupokelewa barazani. Mwanamume anayeoa humo hapandi ghorofani mpaka siku atakapokuja kumchukua mke wake. Nkwabi alipanda kabla hajamjua Raya, futi mkononi, akapima vyumba vyote kwa ajili ya chama chake. Posa ikafuata mwaka mmoja baadaye.

"Huyu kijana amenijia kinyumenyume," mzee alikuwa akimwambia dada yake, shangazi Mwaija. "Amevijua vyumba vya kulala kabla hajajua jina la binti."

Shangazi Mwaija alimpenda Nkwabi. Asubuhi hiyo alimpokea mlangoni kwa kile Kisukuma chake cha kuokoteza, "Mwangaluka, bwana harusi!", akamminyia jicho. Raya alitamani ardhi ipasuke, na wakati huo huo akatamani shangazi aseme tena.

Kundi la kwanza lilipomaliza likashuka uani kwenye chai na sambusa. Nkwabi akapanda ngazi mbili mbili. Alipomfikia Raya akasimama karibu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Umependeza mpaka nimekosea mwaka mbele za watu," alinong'ona. "Nimesema nyumba imejengwa kabla ya reli."

"Waongo hawaolewi hapa."

"Mimi ndiye ninayeoa, bibie."

"Subiri kwanza usikie bei."

Alisema kwa mzaha. Wallahi alisema kwa mzaha.

"Raya! Na huyo katibu wako. Njooni hapa."

Sauti ya Mzee Lukman ilitoka chumba cha mbele, kile chenye dirisha la vioo vya rangi. Waliingia. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, kanzu imepigwa pasi, fimbo imelala mapajani.

"Shikamoo, Mzee," Nkwabi akainama.

"Marahaba. Simama hapo hapo, sitakuchelewesha. Watu wako wanafurahi?"

"Wanafurahi sana, Mzee. Wengine wamelia."

"Wamelia kwa ajili ya mbao. Haya." Mzee alikohoa. "Kuna mfanyabiashara mmoja anakitaka kiwanja hiki. Ataivunja nyumba, ajenge fremu za maduka. Anakuja Jumatatu. Na wewe chama chako kinanifuata siku zote niandike kwamba nyumba haitavunjwa kamwe. Ni kweli?"

"Ni kweli, Mzee."

"Na unamtaka Raya."

"Namtaka, Mzee."

"Basi sikiliza. Sitaki kesho watu waseme Nkwabi aliingia kwangu kwa mapenzi kumbe anatafuta roshani. Ukimchukua Raya, mpeleke unakotaka, nakupa kwa mkono wangu. Lakini Jumatatu nauza, na hutatia neno. Ukiitaka nyumba isimame, leo hii naandikia chama chako, itasimama mpaka kiama. Lakini binti yangu humgusi. Chagua kimoja. Nakusikiliza."

Chini uani mtu alicheka. Sahani iligongana na sahani. Raya alikuwa karibu kabisa na Nkwabi, angeweza kuhesabu vifungo vya shati lake, na hakumtazama baba yake hata kidogo. Alimtazama Nkwabi usoni.

Nkwabi akatazama juu. Akaitazama boriti, ile ndefu inayoshika dari kutoka ukuta hadi ukuta, ambayo alimwambia Raya mara nyingi kwamba mti wake haupatikani tena nchi hii. Macho yake yalitembea nayo mwanzo mpaka mwisho, taratibu, kama mtu anayeaga maiti.

"Nkwabi," Raya aliita kwa sauti ndogo.

Kutoka chini mlinda mlango akapaza sauti: "Katibu! Kundi la pili liko mlangoni!"

Nkwabi akashusha macho. Akajifuta jasho juu ya mdomo.

"Mzee," alisema, "naomba... naomba tumalize kwanza kundi la pili. Wametoka mbali. Nikishawatembeza nitakuja kukujibu vizuri."

Mzee Lukman alimwangalia kijana kwa muda, kisha akaangalia fimbo yake.

"Kamalize," akasema.

Nkwabi alimgusa Raya kiwiko alipokuwa akipita, mguso wa mtu anayesema nakuja sasa hivi, akashuka. Raya aliisikia sauti yake kule chini ikichangamka, karibuni, karibuni, viatu tunaviacha hapa.

Angeweza kwenda chumbani kwake akajifungia. Hakwenda. Alisimama pembeni ya ukumbi wa juu, na kundi la pili lilipopanda akalifuata nyuma nyuma, kama naye amekuja na ndege ya asubuhi. Mama Precious alikuwamo tena. Alikuwa amemaliza sambusa, akadai hakuona vizuri mara ya kwanza.

Nkwabi aliwapeleka kwenye dirisha la vioo vya rangi. Mzee alikuwa ameshaondoka chumbani, kiti kitupu. Mtu mmoja akanyoosha mkono kwenye komeo.

"Taratibu, kaka," Nkwabi alisema. Aliusogeza ule mkono, akaweka wa kwake, akalisukuma dirisha polepole mpaka likaitika. "Hili halitaki nguvu. Linataka mtu mwenye subira. Ukiwa na subira linakufungukia lenyewe."

Maneno hayo Raya alikuwa akiyajua. Aliambiwa yeye, kwenye kivuko cha kwenda Kamanga, mwaka wa kwanza wa mapenzi yao, alipokuwa bado anamkatalia hata kumshika mkono. Wewe hutaki nguvu, Raya. Unataka mtu mwenye subira, utamfungukia mwenyewe. Aliyabeba maneno yale kama mtu anavyobeba dhahabu ndani ya leso. Alilala nayo. Kuna siku alikuwa kazini, duka la miwani pale mjini, akamwekea mteja miwani juu chini kwa sababu alikuwa anayakumbuka. Na kumbe yalikuwa ya dirisha! Hakujua hata nani aliambiwa kwanza, yeye au dirisha.

"Kijana," Mama Precious alisema, "unaipenda nyumba hii kama mke."

Watu wakacheka. Nkwabi naye akacheka, uso umemng'aa, mkono bado uko kwenye ubao.

"Mama, mke wa kukaa miaka yote hii bila kubadilika nitampata wapi?"

Wakacheka zaidi. Raya pia alicheka. Ndiyo, alicheka, tena kwa sauti, hata mzee mmoja wa Tanga akageuka kumtazama. Yeye aliyebadilisha kila kitu. Aliyemkataa Yunus mwenye maduka mawili, aliyegombana na kaka zake wote, aliyejifunza kusalimia Kisukuma ili tu mama mmoja wa Mkolani amwitikie kwa kuguna. Amebadilika miaka mitatu mfululizo, na kosa lake kumbe ndilo hilo.

Alishuka ngazi, akaenda jikoni.

Shangazi Mwaija alikuwa akijaza chupa za chai. Alimwona mpwa wake usoni, akaweka birika chini.

"Amekataa?"

"Hajakataa, shangazi. Ana kundi la pili."

"Ana nini?"

"Anatembeza wageni kwanza. Akimaliza atakuja kuniambia kama ananitaka."

Shangazi alichukua chupa zake mbili za chai, akatoka huku akisonya msonyo mrefu uliofika mpaka mlango wa uani. Raya akaegemeza mgongo kwenye jabali. Lilikuwa na ubaridi wa asubuhi bado.

Nkwabi aliingia akihema. Alikuwa amekimbia.

"Raya, mpenzi, nimekutafuta juu kote. Nimeshaamua. Nimekuchagua wewe. Nakwenda kumwambia Mzee sasa hivi, auze, avunje, afanye anavyotaka. Wewe kwanza."

"Umeamua lini?"

"Nini?"

"Nakuuliza umeamua lini. Kabla ya kundi la pili au baada?"

"Sasa hivi, nikiwa kwenye ngazi. Raya, usinihesabie dakika."

"Mimi nauza miwani, Nkwabi. Kutwa nzima kazi yangu ni kuangalia watu wanavyoangalia. Baba alipokuuliza, uliangalia boriti."

"Nilishtuka! Mtu akishtuka anaangalia popote."

"Popote. Mimi nilikuwa nimesimama hapa." Alijipiga kifua. "Nilikuwa karibu kuliko boriti."

Nkwabi akashika kichwa kwa mikono yote miwili. Vumbi la nyumba lilikuwa limemshika kwenye nywele, na hata katika hasira ile Raya alitamani kumpangusa. Aliuficha mkono nyuma.

"Nilitaka vyote viwili," Nkwabi alisema. "Ni dhambi? Nilifikiri nikipata nusu saa nitapata la kumwambia, nitampata mtu wa chama azungumze naye, mzee atalegea. Nilitaka nikuoe, na watoto wetu wakimbie kwenye ngazi zile zile. Nilikuwa nakupigania wewe na nyumba yako!"

"Nani alikuambia naitaka? Umewahi kuniuliza? Nimezaliwa humu, nimefagia humu, kaka zangu wameondoka mmoja mmoja nimebaki mimi na bati linalovuja. Nilitaka chumba na sebule, popote, hata huko Mkolani kwenu, na wewe ndani yake. Basi."

"Ungesema."

"Ungeuliza."

"Na wewe pale juu mbona ulinyamaza?" Sasa sauti ya Nkwabi ilipanda. "Baba yako amekuweka mizani moja na madirisha, ukasimama kama huna mdomo. Ungesema, Baba, mimi si kiwanja. Hukusema! Umeniachia mimi peke yangu nibebe, halafu unanihukumu nilivyobeba."

Neno hilo lilimchoma Raya, kwa sababu lilikuwa la kweli.

"Nilinyamaza," alisema polepole, "kwa sababu nilikuwa nasubiri unitaje. Jina langu lina herufi nne, Nkwabi. Ungeweza kulisema na bado ukawahi kundi lako."

Nkwabi akapiga magoti. Mwanamume mzima, katibu, suruali nyeupe kwenye majivu ya jiko. Akamshika mikono, akaiweka usoni mwake, na Raya akahisi machozi ya moto vidoleni. Akaiacha mikono yake pale. Mungu ni shahidi, aliiacha. Kama dunia ingenyamaza hata kidogo tu, huenda mambo yangekuwa mengine.

"Katibu!" iliita sauti kutoka mbele ya nyumba. "La tatu limefika!"

Macho ya Nkwabi yakaenda mlangoni. Yalikwenda na kurudi, nukta moja, hata mwenyewe huenda hakujua. Raya akavuta mikono yake.

"Nenda," alisema.

"Raya, siendi. Naapa siendi."

"Umeshakwenda. Inuka, suruali inachafuka, na wageni wametoka mbali."

Alimwacha pale magotini akapanda ghorofani kuchukua mkoba wake. Katika ukumbi alimkuta baba yake amesimama, hakuketi, amejishikilia kwenye fimbo. Kwa mara ya kwanza Raya aliona jinsi mzee alivyokonda shingoni.

"Amekwambia nini?"

"Amenichagua mimi."

Uso wa mzee ukafunguka. Kweli ulifunguka, kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Alhamdulillah."

Raya akasimama. "Unafurahi nini, Baba? Si ulikuwa humtaki?"

"Nilitaka anishinde." Mzee alikohoa kuficha aibu. "Nilitaka nimsikie akisema mbele yangu. Nisingeweza kukutoa kwa mtu anayependa kuta, lazima ningehakikisha. Shangazi yako nimemwagiza mchele wa pilau tangu jana."

"Na huyo wa fremu za maduka?"

"Yupo. Ameshanifuata. Lakini niuze mimi? Nyumba aliyoijenga babu yangu? Raya, hata ningekufa njaa."

"Kwa hiyo," Raya alisema, "kwa hiyo angesema Raya tu, pale pale, ungempa vyote viwili."

"Vyote viwili. Mke na nyumba. Nilikuwa nimeshaandaa na dua."

Mbu mmoja wa ziwani, wale wasiouma, alitua kwenye kanzu nyeupe ya mzee. Raya alimtazama mdudu huyo kwa makini sana, maana kama angetazama kitu kingine angepiga kelele.

"Nimemkataa, Baba."

"Umemkataa? Mtu amekuchagua, umemkataa?"

"Amenichagua baada ya kundi la pili. Wewe ulimwona alivyoangalia. Ulikuwa umekaa pale pale."

Mzee alikuwa ameona.

"Ulikuwa unampima yeye," Raya aliendelea, "na ulichopimia ni mimi. Ungeniuliza tu. Ungeniuliza, Raya, unamwamini? Ningekwambia ndiyo. Jana ningekwambia ndiyo. Tungeoana, ningezeeka, ningekufa, na nisingejua kabisa anaangalia wapi akiulizwa. Watu wangapi wanaishi hivyo, Baba, na wana raha zao?"

"Nilitaka kukulinda, mwanangu."

"Nimelindwa. Hebu niangalie nilivyosalimika."

Mzee alinyoosha mkono. Raya aliubusu, kwa sababu ndivyo alivyolelewa na hasira haifuti malezi, kisha akaingia chumbani, akatia nguo chache kwenye mkoba, akapiga simu.

"Queen? Lile godoro lako la akiba bado lipo?"

"Lipo shosti. Kuna nini? Si leo ndiyo siku ya jibu?"

"Jibu limekuja. Nakuja Igoma, usipike."

Ngazini alipishana na kundi la tatu likipanda bila viatu. Nkwabi ndiye aliyeliongoza. Magoti ya suruali yake yalikuwa na majivu, macho mekundu, na sauti ilikuwa ile ile, taratibu waheshimiwa, shikeni upande wa ukuta. Alipomwona na mkoba alinyamaza katikati ya neno. Watu nyuma yake wakagongana. Raya akakaa upande wa ukuta kama walivyoelekezwa, akawapisha wote mpaka wa mwisho, akaendelea kushuka. Alisubiri kuitwa. Alishuka taratibu makusudi, akisubiri. Akafika chini, na kutoka juu akasikia sauti inayotetemeka ikiwaambia wageni habari za boriti.

Mlangoni kulikuwa na rundo la viatu. Akatafuta vya kwake katikati ya viatu vya watu, akavivaa.

Mzee mmoja mwanachama alikuwa anafika kwa kuchelewa, kitambulisho shingoni, anahema, bajaji iliyomleta bado inageuza barabarani.

"Samahani binti yangu, ndiyo hapa kwa Mzee Lukman? Wenzangu wameshapanda?"

"Ndiyo hapa. Shikamoo. Wapo juu, vua tu viatu."

"Marahaba, marahaba. Na wewe ni mwenyeji wa nyumba hii?"

Raya akaweka mkoba begani.

"Hapana, baba," alisema. "Mimi nilikuwa mgeni tu. Nimeshamaliza kutembezwa."

Akaipungia mkono ile bajaji kabla haijaondoka.